AGNES POCKELS: MWANASAYANSI WA JIKONI

Sote tumewahi kuosha vyombo vyenye mafuta na kuona utando ukitanda juu ya maji. Katika makala hii tutamtazama binti aliyeufanya utando huo kuwa elimu.

Agnes Pockels alizaliwa Venice mwaka 1862 na kukulia Braunschweig, Ujerumani. Shuleni alipenda sana fizikia, lakini zama zile vyuo vikuu vya huko havikupokea wasichana. Mdogo wake, Friedrich, ndiye aliyekwenda kusoma, naye akawa anampelekea vitabu. Agnes alibaki nyumbani akifanya kazi za jikoni na kuwauguza wazazi wao.

Hata hivyo hakukata tamaa. Akiwa na miaka 20 hivi alitengeneza chombo cha bati, akakijaza maji hadi ukingoni, kisha akaweka juu yake ukanda wa bati wa kuubana utando. Alipima nguvu ya kuinua kisahani kidogo kutoka kwenye maji, akagundua kuwa utando ukibanwa kufikia kiasi fulani, mvutano wa uso wa maji hupungua ghafla.

Mwaka 1891 alimwandikia Lord Rayleigh, mwanafizikia mkubwa wa Uingereza. Rayleigh hakumdharau, bali alisaidia barua ile ichapishwe katika jarida la Nature mwaka huohuo.

Mwaka 1932 Agnes alipewa shahada ya heshima ya udaktari mjini kwao. Mwaka huohuo James Chadwick aligundua nyutroni, chembe ndogo iliyomo ndani ya atomu. Agnes alifariki mwaka 1935, kabla mambo hayo mawili hayajakutana.

Leo wataalamu hutandaza mafuta juu ya maji katika chombo kinachofanana na chake, kisha huelekeza mwali wa nyutroni ukiwa karibu kulala juu ya maji. Kwa kuhesabu nyutroni zinazorudi, hujua unene wa utando, ambao huwa kama nanomita 2 tu, na sehemu ya mafuta iliyozama majini. Utando wa namna hii umo pia mapafuni mwetu. Watoto njiti wengi huzaliwa bila utando wa kutosha, wakashindwa kupumua vizuri.

Ndugu wanafunzi, na hasa dada zetu, tunajifunza nini? Kuwatumikia wazazi hakukumzuia Agnes kutafuta elimu, na beseni la vyombo lilimtosha kuanzia. Basi nasi tuanze na tulichonacho.