Duke Kahanamoku: ubao wa mchezo uliookoa watu

Wasikilizaji wetu, mvuvi wa Lufira akisimama ndani ya mtumbwi na kafi mkononi, hakuna mtu anashangaa. Kumbe siku hizi wageni wa likizo wanalipa pesa wafundishwe kusimama vile juu ya ubao, jua likizama. Mchezo huu ulianzia Waikiki, Hawaii, kwa vijana waliofundisha wageni kupanda mawimbi. Na kule jina kubwa ni Duke Kahanamoku.

Alizaliwa Honolulu mwaka 1890. Katika kuogelea mita 100 alishinda Olimpiki ya Stockholm mwaka 1912, tena Antwerp mwaka 1920, kule Ubelgiji iliyokuwa inatutawala. Lakini moyo wake ulikuwa kwa ubao. Alifika nao mpaka Australia, watu wakajaa pwani kumuona akisimama juu ya mawimbi.

Juni 1925 alikuwa California. Mawimbi makali yakapindua mashua ya wavuvi. Duke akaruka juu ya ubao wake, akaenda na kurudi, akaenda tena, akatoa watu 8. Wengine 5 walikufa. Baada ya pale, walinzi wa pwani wakaanza kutumia ubao kuokoa watu.

Alikufa mwaka 1968. Wewe unayeanza leo, kuanguka si haya. Piga magoti kwanza, angalia mbele, vaa jaketi ya kuokolea. Maji hayana mchezo, hata kwenye mchezo. Hiyo njo Duke alituonyesha.