Muindi Mbingu: Aliyehamishwa Lamu kwa kutetea ng'ombe wa Wakamba

Maelfu ya watu hupita kila siku katika Barabara ya Muindi Mbingu jijini Nairobi, lakini si wengi wanaokumbuka kwamba sifa ya mtu huyo ilitokana na ugomvi juu ya udongo.

Samuel Muindi Mbingu alikuwa mwenyeji wa Ngelani, wilayani Machakos, ambayo zama hizo ilijumuisha Makueni ya leo. Katika miaka ya 1930 ukame uliandama nchi ya Ukambani, na mmomonyoko ukaacha vilima vikiwa vyekundu. Mwaka 1937 Colin Maher, ofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, aliandika taarifa ya kutisha kuhusu hali hiyo.

Lawama ziliangukia ng'ombe. Haikutajwa sana kwamba vilima vya Mua vilikuwa vimekwisha kutwaliwa na walowezi.

Mwaka 1938 serikali ilianza kuwanyang'anya wananchi mifugo yao na kuinadi kwa bei ya kutupwa. Zaidi ya ng'ombe 2,000 walichukuliwa. Mwaka huo huo kiwanda cha nyama kilifunguliwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe.

Muindi, akiwa kiongozi wa chama cha Ukamba Members Association, alikataa. Mwezi Julai zaidi ya watu 1,500, wakiwamo wanawake na watoto, walitembea kwa miguu hadi Nairobi, wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Muindi alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Hata hivyo, kabla ya mwaka kwisha, serikali iliacha kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu.

Je, wakubwa wale walikosea? Si kabisa, kwani mifugo ikizidi mahali pamoja humaliza majani. Lakini samadi ya ng'ombe hao hao ndiyo chakula cha udongo. Bakteria huiozesha ikawa mboji. Chembe za mboji zina chaji hasi ya umeme, hivyo huvuta na kushika potasiamu na kalisi, zenye chaji chanya, zisisombwe na mvua.

Mwaka 1958, H. F. Birch wa kituo cha utafiti cha Muguga alieleza kwamba udongo mkavu unaponyeshewa, vijidudu vyake huamka kwa kishindo na kuachilia nitrojeni kwa wingi. Hiyo ni sababu mojawapo inayomfanya mkulima wa Kitui au Makueni awahi kupanda kabla ya mvua ya kwanza.

Muindi hakuyajua hayo. Alirejea kutoka Lamu baada ya miaka kadhaa, akauawa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952. Matuta ya fanya juu, ambayo wakulima waliendelea kuyachimba kwa hiari baada ya uhuru, yameenea katika vilima vya Makueni, na samadi ya bomani humwagwa humo kabla ya vuli.