Jim Thorpe: Vihela vya besiboli vilivyomgharimu dhahabu mbili za Olimpiki

Kabla dunia haijamjua, Jim Thorpe alicheza besiboli ya ligi ndogo kwa malipo kiduchu. Vihela hivyo vilimfuata hadi kaburini.

Thorpe alizaliwa mwaka 1887 katika eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma, Marekani. Alikuwa wa kabila la Sac na Fox, Wamarekani wa asili. Pacha wake, Charlie, alifariki wakiwa bado watoto.

Baadaye alisoma Carlisle, Pennsylvania, shule ya bweni iliyoanzishwa ili kuwaachisha watoto wa asili lugha na mila zao. Huko ndiko kocha Pop Warner alikogundua kwamba kijana huyu anaweza kila mchezo: mbio, kuruka, na hasa futiboli ya Kimarekani.

Mwaka 1909 na 1910 alikwenda North Carolina kucheza besiboli. Wanafunzi wengi wa vyuo walifanya hivyo wakati wa likizo, ila wajanja walitumia majina bandia. Thorpe yeye aliandikisha jina lake halisi.

Mwaka 1912 akaenda Olimpiki ya Stockholm, Sweden. Alishinda pentatloni, kisha dekatloni, akimwacha mshindi wa pili kwa karibu pointi 700.

Furaha haikudumu. Januari 1913 gazeti moja la Massachusetts liliibua habari za besiboli. Wakati huo Olimpiki ilikuwa ya wachezaji wa ridhaa tu, na aliyewahi kulipwa hakuruhusiwa. Kanuni zilitaka pingamizi liwasilishwe ndani ya siku 30, na miezi ilikuwa imeshapita. Hata hivyo alipokonywa medali zote mbili na jina lake likafutwa.

Thorpe hakukaa kulia. Mwaka huohuo alisajiliwa na New York Giants, akacheza besiboli ya ligi kuu hadi 1919. Mwaka 1915 alikuwa kocha msaidizi wa futiboli katika Chuo Kikuu cha Indiana, huku akianza kuichezea Canton Bulldogs. Mwaka 1920 akawa rais wa kwanza wa ligi ambayo leo ni NFL.

Alipostaafu, mambo yaligeuka. Alifanya vibarua, akaigiza nafasi ndogondogo kwenye filamu, na pombe ikamwandama. Alifariki mwaka 1953 huko California, medali zikiwa bado hazijarudi.

Familia yake haikukata tamaa. Mwaka 1983 watoto wake walikabidhiwa medali mpya, lakini kumbe kumbukumbu rasmi zilimtaja kama bingwa mwenza tu. Ilibidi kusubiri hadi Julai 2022, miaka 110 baada ya Stockholm, ndipo Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipomtangaza kuwa mshindi pekee wa michezo yote miwili.