MAMA MARIA MWILU: MAMA ALIYELINDA NYUMBA NA KANISA



Kila mwaka, tarehe 27 Aprili, tunamkumbuka Mama Maria Mwilu Kiawanga, mke wa Papa Simon Kimbangu. Wengi wetu hapa Mugunga, zaidi sana vijana, tunalijua jina lake kwa sababu ya sikukuu. Tunajua kwamba alikuwa mke wa nabii na mama wa wana watatu, kisha tunaishia hapo. Kwa hiyo tumeona vema kueleza maisha yake kwa kifupi, maana ndani yake mna fundisho tunalolihitaji sana.

NDOA NA WATOTO

Papa Simon na Mama Mwilu waliishi Nkamba, katika Kongo ya Chini. Hawakuwa watu wa mali. Tarehe 4 Julai 1915 walipokea ubatizo katika misioni ya Wabatisti Waingereza ya Ngombe-Lutete. Mungu aliwapa wana watatu: Charles Kisolokele aliyezaliwa mwaka 1914, Salomon Dialungana mwaka 1916, na Joseph Diangienda mwaka 1918. Ilikuwa jamaa ya kikristo kama jamaa nyingi za wakati ule, na hakuna aliyejua mzigo utakaowekwa juu ya kichwa cha mama huyu.

MWAKA 1921

Tarehe 6 Aprili 1921, katika kijiji cha Ngombe-Kinsuka, Papa Simon alimwombea mwanamke mgonjwa aliyeitwa Nkiantondo, naye akapona. Habari ilienea upesi. Watu waliacha mashamba na kazi za wazungu wakaelekea Nkamba, na wagonjwa wakaletwa kwa machela. Tunapoeleza miujiza ya siku zile, mara nyingi tunasahau kwamba mahali palipojaa watu hivi palikuwa pia nyumbani kwa mtu. Kila mama wa Mugunga aliyepata kupokea jamaa za wakimbizi katika nyumba ya mbao anaweza kuelewa siku zile zilikuwa za namna gani kwa mwenye nyumba, na watoto watatu miguuni pake.

Tarehe 6 Juni, mtawala Morel alifika na askari ili kumkamata nabii. Papa Simon aliponyoka, akaendelea na kazi kwa siri. Kisha tarehe 12 Septemba alirudi Nkamba akajitoa mwenyewe kwa waliomtafuta. Tarehe 3 Oktoba, baraza la askari la Thysville, mji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu, lilimhukumu apigwe fimbo 120 kisha auawe. Mfalme Albert wa Ubelgiji alibadili hukumu ya kifo ikawa kifungo cha maisha. Papa Simon alipelekwa Elisabethville, yaani Lubumbashi, zaidi ya kilometa 1.500 kutoka kwao. Alikaa gerezani miaka 30, mpaka alipokufa tarehe 12 Oktoba 1951. Hakurudi nyumbani akiwa hai.

MAMA PEKE YAKE

Siku bwana wake alipokamatwa, mtoto wa kwanza alikuwa na miaka saba, wa pili mitano, wa tatu mitatu. Kisolokele alichukuliwa pamoja na baba yake, kisha akapelekwa katika shule ya serikali ya Boma iliyoongozwa na Wakatoliki. Baadaye Diangienda naye alipelekwa huko. Dialungana ndiye aliyebaki karibu na mama. Hivi mama huyu alinyang'anywa bwana, kisha akanyang'anywa na watoto.

Tena serikali haikumwacha. Alikaa chini ya macho ya wakubwa wa koloni na watumishi wao. Kwenda Nkamba kuomba lilikuwa kosa. Waamini walikamatwa, wakahamishwa mbali na kwao. Hesabu inayotunzwa na kanisa letu ni jamaa 37.000 zilizohamishwa kati ya mwaka 1921 na 1959. Wengine waliletwa mpaka Lowa, kando ya mto Lualaba, upande wetu huu wa mashariki.

Katika miaka hiyo yote, kazi ya Mungu iliendelea kwa siri, na Mama Mwilu ndiye aliyeishika. Waamini walimjia kwa kujificha, na walioogopa walitiwa nguvu. Kanisa halikuwa na jengo, wala karatasi ya serikali. Lilikuwa na nyumba ya mama mmoja, na maombi. Tukitaka kujua kwa nini mbegu ya mwaka 1921 haikukauka, tunapaswa kutazama nyumba hiyo.

WANA WALIRUDI

Watoto walifundishwa katika shule za watu waliomfunga baba yao, kisha Kisolokele na Diangienda wakafanya kazi katika ofisi za serikali ileile. Ingekuwa rahisi kuona haya kwa ajili ya jina la mfungwa. Lakini wote watatu walirudi kwenye kazi ya baba yao. Papa Diangienda aliacha kazi ya serikali akaongoza kanisa mpaka kufa kwake mwaka 1992. Papa Dialungana alimfuata, akaongoza mpaka mwaka 2001. Papa Kisolokele alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Kongo huru, mwaka 1960. Sisi tunaamini kwamba maombi ya mama yao yaliwafuata kila walikopelekwa.

Mwaka 1957, waamini walimwandikia gavana mkuu Pétillon, wakiomba wafungwe wote pamoja ao waachwe waombe kwa amani. Mateso yakaanza kulegea. Mama Mwilu aliona mapambazuko hayo, lakini hakuona jua likitoka. Alilala tarehe 27 Aprili 1959. Tarehe 24 Desemba ya mwaka uleule serikali ililitambua kanisa, na tarehe 3 Aprili 1960 mwili wa Papa Simon uliletwa Nkamba kutoka Lubumbashi. Kama Musa juu ya mlima Nebo, alifika karibu, na wengine wakaingia.

KWETU MUGUNGA

Kwa nini tunaeleza habari hizi hapa, juu ya mawe ya volkeno? Kwa sababu hapa tunawajua wamama wengi waliobaki peke yao. Tangu mwaka 1994 Mugunga imeona kambi baada ya kambi. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia watu waliokuwa wamekimbia vita tayari, na mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi zilivunjwa. Katika misukosuko hiyo, bwana alikufa, ao alipotea, ao alikwenda kutafuta kazi asirudi. Mama alibaki na watoto, akabeba makala, akauza sambaza, akawaamsha watoto waombe kabla ya kutoka.

Wengine katika wamama hao hutuambia kwamba hawana kazi kanisani, kwa kuwa hawaimbi katika kwaya, hawapigi fanfare, wala hawana cha kutoa siku ya nsinsani. Nasi viongozi tumekosea mara nyingi, maana tumewahesabu wenye vyeo, tukawasahau wao. Maisha ya Mama Mwilu yanatukemea. Alilinda watoto na maombi katika nyumba isiyo na baba kwa miaka 38, na kanisa zima likapita katika mlango wa nyumba hiyo.

Basi, wababa mlio nyumbani, shukuruni, mkawasaidie wasio na mtu. Vijana mliolelewa na mama peke yake, msione haya, bali rudini kwake kama wana wale watatu walivyorudi. Na ninyi wamama, msiseme tena kwamba hamna kazi kanisani.

Tunamwomba Mungu, kwa jina la Yesu Kristo, awape wamama wa Mugunga moyo wa uvumilivu, na awarudishe salama wote wanaongojewa nyumbani. Amina.