Mkomanile, Mwanamke Kiongozi wa Majimaji

Watu wengi wakisimulia vita vya Majimaji hutaja wanaume tu. Lakini katika viongozi wa vita hivyo alikuwako mwanamke mmoja. Jina lake lilikuwa Mkomanile.

Mkomanile alitawala Kitanda, katika nchi ya Wangoni. Siku hizi Kitanda imo katika Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma.

Wakati huo Wajerumani walitawala nchi yetu. Walitoza kodi kwa nguvu. Waliwapunguzia wakuu wenyeji madaraka yao. Mwezi wa Julai 1905, Wamatumbi wa upande wa Kilwa walikataa kulimishwa pamba. Vita vikaanza. Mganga Kinjikitile wa Ngarambe alikuwa amewapa watu dawa ya maji. Waliamini kwamba dawa hiyo itageuza risasi ziwe maji.

Mganga mwingine, Omari Kinjala, alileta dawa hiyo Kitanda. Mkomanile aliipokea. Kisha akasaidia kuieneza kwa wakuu wengine wa Wangoni. Hivyo makabila mengi yaliingia katika vita vimoja. Wabena nao walishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, Septemba 1905.

Lakini maji hayakuzuia risasi. Tarehe 21 Oktoba 1905, askari wa Wajerumani waliwavamia Wangoni huko Namabengo. Walikuwa na bombomu, yaani bunduki itoayo risasi nyingi mfululizo. Wangoni wengi walikufa. Baadaye Wajerumani walichoma vyakula na mashamba. Njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Mkomanile alikamatwa. Tarehe 27 Februari 1906 alinyongwa mjini Songea, pamoja na Mputa Gama na wanaume wengine zaidi ya 60. Mwanamke alikuwa yeye peke yake. Wajerumani hawakumwachia kwa sababu ni mwanamke. Walijua kwamba yeye ni kiongozi.

Leo mjini Songea iko Makumbusho ya Majimaji. Kila mwezi wa Februari watu hukutana huko kuwakumbuka mashujaa hao. Nasi tunapowasimulia watoto wetu habari za Majimaji, tusisahau kumtaja Mkomanile.

Maswali
1. Mkomanile alitawala wapi?
2. Alisaidiaje kuunganisha watu?
3. Katika kijiji chenu, wanawake wanashiriki vipi katika uongozi? Zungumzeni darasani.