Bwana Chapin na Unyoya Mmoja wa Avakubi



Mwezi wa kumi na wa kumi na moja mvua inanyesha mingi hapa Kisangani. Tunapokimbia asubuhi mbele ya masomo, njia inateleza, majani iko na maji, na juu ya mto Tshopo mbayuwayu wanapita-pita wakitafuta wadudu. Sisi tunakimbia tukiangalia miguu tu na kuhesabu nani amechelewa. Ni wachache wanaouliza: hawa mbayuwayu wametoka wapi? Wengi wametoka Ulaya. Kule, wakati huu, ni majira ya majani kupukutika. Miti inageuka rangi ya manjano na nyekundu, baridi inaingia, wadudu wanapotea, na ndege wanakimbilia kwetu kwenye joto na chakula. Wageni wa mbali wanapita juu ya kichwa chetu na hatuwasalimu!

Juu ya hiyo tumechagua kuwaletea maisha ya mtu ambaye alitembea katika pori zetu na macho wazi. Jina lake ni James Chapin.

Alizaliwa New York, Marekani, tarehe 9 Julai 1889, akakomea kwenye kisiwa cha Staten Island, karibu na mji ule. Tangu utoto alipenda kutembea nje na kuangalia ndege. Mwaka 1905, alipokuwa na miaka 16, alianza kazi katika makumbusho kubwa ya viumbe ya New York, kisha akaingia chuo kikuu cha Columbia. Mwaka 1909 makumbusho ilimtuma Bwana Herbert Lang kuja Kongo kutafuta okapi na kifaru mweupe. Okapi, wataalamu wa Ulaya walikuwa wamemjua tangu 1901 tu, lakini watu wa pori walimjua toka kwa mababu. Lang alitaka msaidizi. Chapin akaweka vitabu vyake pembeni, akapanda meli. Alikuwa na miaka 19. Sisi wa mwaka wa sita, tufikiri kidogo: karibu umri wetu!

Safari ilipangwa kwa miaka 2, lakini ilidumu karibu miaka 6. Walipanda mto Kongo na mashua ya moshi mpaka Stanleyville, ndiyo Kisangani yetu, iliyogeuzwa jina mwaka 1966. Hapa barabara ya mto ilikuwa imekwisha. Wakashika njia ya miguu, wakaingia pori la Ituri kuelekea Avakubi, zaidi ya kilometa 250. Hakukuwa na motokari. Kulikuwa na matope, magogo yaliyoanguka, mito isiyo na daraja, na giza la miti hata saa sita ya mchana.

Tusifiche neno moja. Mizigo haikutembea yenyewe. Kongo ilikuwa imetoka katika mikono ya mfalme Leopold mwaka 1908 tu, na kidonda cha kazi ya mpira kilikuwa kibichi bado. Wapagazi wengi sana, babu zetu, walibeba masanduku kichwani toka kijiji mpaka kijiji, na majina ya wengi wao hatuyajui. Anayemsifu Chapin na kuwasahau hawa amesoma nusu ya habari.

Lakini Chapin naye hakuwa mtu wa kupita tu. Wengine walitembea ili wafike. Yeye alitembea ili aone. Alisimama, alisikiliza, aliandika: ndege gani, imeonekana wapi, inalia namna gani, inataga mwezi gani. Aliweza pia kuchora kwa rangi. Aliuliza wawindaji, kwa sababu alijua kwamba wao ndio waalimu wa pori. Watu wakamzoea, wakamwita Mtoto na Langi, yaani mtoto wa Lang. Aliporudi kwao mwaka 1915, safari ile ilikuwa imekusanya ndege zaidi ya 6,000. Ndiyo, ziliuawa kwa bunduki na mitego, maana ndiyo ilikuwa kazi ya makumbusho wakati ule.

Sasa tufike kwa ile unyoya.

Mwaka 1913, kule Avakubi, waliona kofia ya manyoya ya mtu wa pale. Kati ya manyoya yale kulikuwa moja la bawa, rangi nyekundu-kahawia na mistari myeusi. Chapin alikuwa ameshika ndege za pori maelfu, lakini hii hakuitambua. Alilinganisha na ndege zote alizozijua, hakupata mwenyewe. Mtu mwingine angesema: ah, ni unyoya tu, tutupe. Yeye akaiweka. Akaenda nayo New York, akaitunza miaka 23.

Kati ya miaka ile alifanya kazi nyingi. Mwaka 1932 alitoa buku la kwanza la kazi yake kubwa juu ya ndege za Kongo, kazi ya mabuku 4 ambayo ilikwisha mwaka 1954. Ndani yake hakuhesabu ndege tu. Alieleza mvua, miti na majira, na namna ndege wa Ulaya wanavyofika kwetu wakati wa baridi yao.

Mwaka 1936 alikwenda Tervuren, Ubelgiji, kwenye makumbusho ya Kongo. Siku moja akaona, juu ya kabati, ndege mbili zilizokaushwa, zimejaa vumbi. Karatasi yao ilisema ni tausi wa India, wangali watoto. Chapin akasimama. Bawa la ile jike lilikuwa na unyoya sawasawa na ile ya Avakubi! Kumbe si tausi wa India hata kidogo. Ni tausi wa Kongo, ndege ambayo sayansi haikujua bado. Mpaka siku ile wataalamu waliamini kwamba tausi ni wa Asia tu. Mwaka uleule akaipa jina la Afropavo congensis. Mwaka 1937 akarudi Stanleyville kwa ndege ya hewa, akaingia tena porini, akaongozwa na wawindaji wa pale. Wakampa ndege yenyewe.

Dume iko na rangi ya buluu nzito inayong'aa, shingo nyekundu isiyo na manyoya na kishungi cheupe juu ya kichwa. Jike ni wa kahawia, na mgongo wa kijani. Duniani pote, porini, haikai penye pengine ila katika Kongo yetu.

Chapin alirudi Kongo tena na tena. Alikufa New York mwezi wa nne 1964.

Maisha haya yanatufundisha nini? Sisi tunaona mambo mawili.

La kwanza: kuangalia ni kazi. Hata mfalme Sulemani, kwa hekima yote aliyopewa na Mungu, alijifunza miti, nyama na ndege. Chapin hakupata tausi kwa bahati. Kabati ile, watu wengi walipita chini yake. Yeye tu alikuwa na swali ambalo alilitunza tangu ujana.

La pili linatuuma zaidi. Yule mtu wa Avakubi, mwenye kofia, alijua ndege yake. Wawindaji walijua inalala wapi na inalia saa gani. Wazungu walihitaji miaka 23, wazee wetu walikuwa na jibu tayari. Na sisi, wajukuu wao? Tunaweza kuandika majina ya mito ya Ulaya bila kosa, lakini ndege inayolia nyuma ya darasa hatujui jina lake, hata katika lugha ya nyumbani. Na mitego ya waya inaendelea. Tausi iko bado katika pori la Maiko na pengine penye miti mikubwa, lakini ikiishia yote katika chungu, hakuna nchi nyingine ya kwenda kuikopa.

Basi ndugu, tufanye hivi. Wakati wa likizo, kila mmoja aulize babu au nyanya yake majina 10 ya ndege za pori, aandike katika daftari, pamoja na mwezi zinapotaga. Na kesho asubuhi, tukikimbia, tuinue kichwa kidogo. Atakayechelewa kwa sababu ya kuangalia mbayuwayu, sisi wenyewe tutamwombea kwa mwalimu.