Glenn Miller, mwanamuziki asiye na kaburi



Wiki hii nimeangalia filamu ya zamani ya Hollywood, ya mwaka 1954, ambamo James Stewart anaigiza maisha ya Glenn Miller, kiongozi wa bendi. Imenifanya niwaze sana.

Glenn alizaliwa 1904 huko Clarinda, Iowa, nchini Marekani. Alikuwa mpiga tromboni. Bendi yake ya kwanza ilivunjika, hela nazo zikakata. Mwaka 1938 akaanza upya, safari hii klarineti ikiongoza saksafoni, na hapo ndipo akaipata sauti yake. Mwaka uliofuata watu walikuwa wanaucheza muziki wake kila kona ya Marekani.

Halafu 1942, akiwa juu kabisa, akaiacha bendi hiyo na kujitolea jeshini. Alikuwa na miaka 38. Huko akaunda bendi nyingine ya kuwaburudisha askari walio mbali na kwao.

Tarehe 15 Desemba 1944, katikati ya Majilio, alipanda ndege ndogo kutoka Uingereza kwenda Paris. Haikuonekana tena. Bendi ikafika Paris, ikawapigia askari bila yeye. Mkewe, Helen, hakupata hata mwili wa kuzika.

Yaani hapo ndipo paliponigusa. Wapo wengi kati yetu wenye ndugu waliopotelea baharini, ziwani au vitani. Sisi hatujui walipo, Mungu anajua. Kwake hakuna marehemu aliyepotea.

Leo usiku kabla ya kulala, mtaje mmoja wao kwa jina, umwombee.